Walikulawali: Historia Fupi ya Nafasi Kati ya Maneno

Leo tuyaweke kando kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Hebu soma mstari huu kwanza:

WALIKULAWALIJANAUSIKUHAPANAMTUALIYEBAKINANJAA

Umeweza? Sina shaka umeweza, lakini pengine midomo ilicheza kidogo, au ulirudi nyuma mara moja mbili. WALI ya kwanza si chakula. Ni vipande viwili vya sarufi, wa- na -li-, vilivyobandikwa mbele ya kitenzi. WALI ya pili ndiyo ya kuliwa. Halafu kuna HAPANAMTU. Je, ni "hapana mtu" au ni "hapa na mtu"? Herufi ni zile zile, maana ni mbingu na ardhi. Huwezi kuamua mpaka uendelee mbele, usikie sentensi nzima inavyolia, ndipo urudi kuikata vizuri.

Mstari huo nimeutengeneza kwa amri moja tu ya kufuta nafasi zote kwenye sentensi. Kufumba na kufumbua, tarakilishi ikanirudisha nyuma zaidi ya miaka 1,300. Maana hivyo ndivyo wasomi wakubwa wa Ugiriki na Roma walivyosoma vitabu vyao, mstari baada ya mstari, bila nafasi hata moja!

Sisi tunaotengeneza kurasa za wavuti huzungumzia usomekaji kana kwamba ulizaliwa pamoja na tarakilishi: ukubwa wa fonti, upana wa safu, rangi ya maandishi. Nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili kwa muda sasa, na kuna kitu kimoja kinajirudia mpaka kinashangaza. Hatua kadhaa kubwa kabisa za kumrahisishia msomaji kazi zilipigwa kwa ajili ya watu ambao lugha iliyoandikwa haikuwa lugha ya mama yao. Wenye lugha wenyewe hawakuona tatizo. Wao walikwisha kuizoea.

Kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu hapa Kenya tumeikuta shuleni au barabarani baada ya lugha ya nyumbani, naona habari hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Enzi ambapo msomaji ndiye aliyekuwa mtambo

Kwanza jambo la kuchekesha. Warumi walikuwa na alama ya kutenganisha maneno. Ukiangalia maandishi yao ya kale yaliyochongwa kwenye mawe utaona kinukta kidogo katikati ya neno na neno. Halafu, kufikia karne ya 2 hivi, wakaanza kuiacha! Waliwaiga Wagiriki, ambao waliandika mfululizo tangu zamani.

Mwanaprogramu yeyote atauliza: ni akili gani hiyo, kuwa na kitu kinachofanya kazi halafu ukakitupa? Jibu ni kwamba kitabu hakikuwa kitu cha kutazamwa kimya. Kilikuwa kama kanda ya kaseti. Kanda peke yake haisemi kitu mpaka uitie kwenye redio, na redio yenyewe ilikuwa ni mtu, mara nyingi mtumwa aliyefunzwa kazi hiyo, ambaye aliyapitia maandishi mapema, akayakatakata kichwani mwake, kisha akawasomea wengine kwa sauti. Tajiri aliyekaa akisikiliza hakuwa na sababu ya kulalamika kuhusu nafasi.

Augustino ameeleza katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyomkuta Ambrose, askofu wa Milan, akisoma kimya: macho yanapita kwenye ukurasa, sauti na ulimi vimetulia. Hiyo ilikuwa miaka ya 380. Wataalamu wa leo wanatukumbusha kwamba kusoma kimya kulijulikana hata kabla ya hapo, kwa hiyo tusikuze hadithi kupita kiasi. Lakini kwamba Augustino aliona jambo hilo linastahili kuandikwa, hilo nalo linatuambia kitu.

Majaribio ya kusaidia yalikuwepo. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alipanga nukta za aina tatu: ya juu, ya katikati na ya chini, kila moja ikionyesha urefu wa pumziko. (Usimchanganye na yule Aristophanes wa michezo ya kuigiza, huyo ni mwingine.) Nukta, koloni na mkato tunaozitumia leo ni wajukuu wa nukta hizo. Tazama ilikuwa wapi: Alexandria, mji wa watu wa kila asili, ambako wengi walijifunza Kigiriki kama lugha ya elimu na kazi.

Wageni wanafika

Sasa twende Ayalandi. Kisiwa hicho hakikuwahi kutawaliwa na Roma. Kilatini kilifika huko pamoja na Ukristo, katika karne ya 5, kikiwa lugha ya vitabu. Mtawa wa Kiayalandi nyumbani kwao aliongea Kiayalandi, lugha ya tawi jingine, na Kilatini alikipata darasani. Mtu kama huyo ukimpa mstari wa Kilatini usio na nafasi, hana sikio la kumsaidia kukata maneno. Ni kama kumpa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa kwanza ule mstari wangu wa wali.

Basi katika karne ya 7 waandishi wa Ayalandi walianza kuacha nafasi kati ya maneno. Hawakuvumbua herufi mpya wala wino mpya. Waliongeza utupu tu! Mwanahistoria Paul Saenger aliandika kitabu kizima kuhusu nafasi hizo mwaka 1997, na hoja yake ni kwamba nafasi ndiyo iliyofungua mlango wa kusoma kimya na kwa haraka. Desturi hiyo ilisambaa Uingereza, kisha bara la Ulaya, polepole sana, ikachukua karne kadhaa. Fikiria: maboresho ya programu yanayochukua miaka 400 kufika kwa watumiaji wote.

Kabla hujasema hayo ni mambo ya Wazungu, tazama upande wa pili.

Mwandiko wa Kiarabu wa mwanzo haukuwa na alama za irabu, na hata nukta zinazotofautisha herufi kama ba, ta na tha mara nyingi hazikuwekwa. Kwa Mwarabu aliyeihifadhi Kurani moyoni haikuwa shida. Shida ilikuja Uislamu ulipoenea kwa watu wasio Waarabu, wakaanza kukosea irabu, na irabu katika Kiarabu ndiyo huonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Mapokeo yanasema Abu al-Aswad al-Du'ali wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 688, ndiye aliyeanza kuweka nukta za rangi kuonyesha irabu. Karne iliyofuata akaja al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra, akazigeuza kuwa vialama vidogo vya kuandikwa kwa wino ule ule mmoja. Waliopitia chuoni wanavijua kwa majina: fat-ha, kasra, dhumma. Kwa hiyo mtoto wa Lamu au Malindi anayeanza kusoma Kurani leo anasaidiwa na vialama vilivyowekwa kwa ajili ya wageni wa lugha, kama yeye.

Ayalandi na Basra hazikujuana. Tatizo lilikuwa moja.

Bata au pata?

Mwandiko huo wa Kiarabu ndio uliobeba Kiswahili kwa karne nyingi. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Lakini nguo iliyoshonewa mtu mwingine hubana mahali fulani. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch, na alama zake tatu za irabu fupi zilipaswa kubeba irabu tano za Kiswahili. Mwandishi aliyetumia herufi za kawaida tu aliandika "bata" na "pata" kwa namna moja. "Penda" na "pinda" pia zilifanana.

Je, hiyo ina maana kwamba wazee wetu waliandika vibaya? Mimi sikubali. Utenzi ulikuwa wa kuimbwa, na aliyeshika hati mara nyingi aliujua tayari, au aliijua bahari yake: vipande vinne, mizani nane kila kipande, vina mahali pake. Mizani na vina vilikuwa vinamwongoza kama nafasi zinavyotuongoza sisi. Na katika hati nyingi vipande vya ubeti vilitenganishwa kwa vialama vidogo ili jicho lijue pa kupumzika. Hati ilikuwa kamili kwa watu wake. Ilipomfikia mtu wa nje, ndipo ilipogeuka fumbo.

Na ilifika. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yangeweza kupotea. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya baadaye katika karne hiyo, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi pamoja na maelezo. Sehemu kubwa ya thamani ya kazi hiyo ni kwamba Sikujua alikuwa mwenyeji aliyejua neno lipi lilikusudiwa pale ambapo herufi peke yake haikutosha.

Herufi za Kilatini zilikuja na wamisionari. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 baada ya kufanya kazi Unguja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki kusimamia tahajia na vitabu. (Kwamba uamuzi wa kukiacha Kimvita ulipitishwa hapo hapo Mombasa, hilo ni dongo ambalo watu wa Mvita hawajalisahau.)

Hapa ndipo swali la nafasi linaporudi, na kwangu hapa ndipo pazuri zaidi katika hadithi yote. Katika lugha za Kibantu, neno linaanzia wapi na kuishia wapi? Chukua "ninakupenda". Mzulu anaandika "ngiyakuthanda", neno moja. Mtswana, ndugu wa ukoo mmoja, anaandika "ke a go rata", maneno manne! Lugha hizo mbili hujenga kitenzi kwa namna inayokaribiana sana. Kilichotofautiana ni mikono iliyoandika mwanzo, na jinsi walivyosikia. Mwanaisimu Clement Doke wa Afrika Kusini alipigania kuunganisha, kwa hoja kwamba mkazo katika lugha nyingi za Kibantu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo masikio yenyewe yanakuambia neno limeishia wapi. Kishona kilifuata mkondo huo baada ya ripoti yake ya mwaka 1931.

Kiswahili kiliangukia upande wa kuunganisha. Ndiyo maana tuna "hawatatusaidia", herufi 14 bila pumzi, pale ambapo Mwingereza anatumia maneno matano mafupi. Naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu "ha wa ta tu saidia" ingekuwa kichefuchefu. Lakini una gharama, na gharama hiyo hailipwi na sarufi. Inalipwa na mtu anayepanga ukurasa. Nitaifikia.

Kingo mbili zilizonyooka

Uchapaji nitaupita haraka, kwani umeandikwa sana. Gutenberg, Mainz, Biblia ya mistari 42, karibu mwaka 1455. Kule Italia wasomi walikuwa wamechoshwa na mwandiko mzito wa Kigothi, wakafufua herufi za mviringo za enzi za Karoli Mkuu wakidhani ni za Warumi wa kale, na mwaka 1470 Nicolas Jenson akazichapa Venice kwa uzuri ambao wabunifu wa fonti bado wanauiga. Aldus Manutius, mji huo huo, alileta vitabu vidogo vya kushikwa mkononi mwaka 1501, pamoja na herufi za mlazo.

Ila kuna kitu kimoja cha Gutenberg nataka tukikazie macho. Safu zake zimenyooka pande zote mbili, kushoto na kulia, kama ukuta. Watu wakiona hivyo husema "hivyo ndivyo kitabu kinavyotakiwa kuwa", kisha wanabonyeza kile kitufe cha kunyoosha kingo zote mbili kwenye kila kitu. Lakini Gutenberg alikuwa na takriban vipande 290 tofauti vya herufi! Alikuwa na herufi zilizounganishwa, vifupisho, na matoleo membamba na mapana ya herufi moja. Mstari ukizidi, anachagua kipande chembamba au anafupisha neno. Nafasi kati ya maneno zilibaki karibu sawa.

Kivinjari hakina vipande hivyo. Kikiambiwa kinyooshe, kinavuta nafasi tu. Sasa weka maneno marefu ya Kiswahili kwenye skrini ya rununu yenye upana wa herufi 35. "Hawatatusaidia" haitoshi mwishoni mwa mstari, inashushwa chini, na maneno matatu yaliyobaki juu yanatawanywa kama miti ya savana. Ukurasa unajaa mito ya weupe inayotiririka kutoka juu hadi chini, na jicho linaifuata mito badala ya mistari. Niliwahi kuletewa kazi ya namna hiyo irekebishwe: matangazo ya Kiswahili kwa wakulima, yote yamenyooshwa pande mbili, tena kwa herufi kubwa tupu. Mteja alilalamika kwamba watu wanapiga simu kuuliza mambo yaliyoandikwa pale pale. Mimi nilifanya mambo mawili tu, nikaachia ukingo wa kulia uwe huru na nikarudisha herufi ndogo. Sikugusa neno hata moja la yaliyoandikwa.

Donald Knuth, mtaalamu wa tarakilishi wa Stanford, alipata hasira ya aina hiyo mwaka 1977 alipoona sampuli za kurasa za toleo jipya la kitabu chake, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya wakati huo, zikiwa na sura mbaya. Akaweka kando kitabu, akaandika programu ya kupanga kurasa, TeX. Siri yake moja ni kwamba huitazama aya nzima kabla ya kuamua mstari wa kwanza ukatwe wapi. Vivinjari kwa miaka mingi vilikata mstari mmoja mmoja bila kutazama mbele. Chrome ilipata amri ya kuboresha ukataji huo mwaka 2023, miaka 46 baada ya hasira ya Knuth.

Jicho linaruka

Kuhusu herufi kubwa sikubahatisha, kuna sayansi nyuma yake. Zamani watu walidhani jicho huteleza juu ya mstari kama gari barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, katika maabara ya daktari wa macho Émile Javal kule Paris, iligunduliwa kwamba jicho huruka. Linatua, linaruka, linatua tena, na kusoma hufanyika wakati wa kutua, ambao huchukua kama robo ya sekunde. Kwa Kiingereza mruko wa kawaida ni herufi 7 hadi 9. Javal mwenyewe alipofuka kabisa mwaka 1900 kwa ugonjwa wa macho, lakini akaendelea na kazi, na mwaka 1905 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu kusoma na kuandika. Mtu asiyeona akiwafundisha wanaoona jinsi macho yao yanavyosoma!

Piga hesabu ya mruko huo kwenye "hawatatusaidia". Ukanusho uko mwanzoni kabisa, mzizi uko mwishoni. Kutua mara moja pengine hakutoshi.

Kule Minnesota, Marekani, Miles Tinker na Donald Paterson walitumia miaka mingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kuwapima wasomaji: urefu wa mstari, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari. Herufi kubwa tupu zilipunguza kasi kwa zaidi ya asilimia 10. Na mistari ikiwa mirefu kupita kiasi, msomaji anapotea njiani anaporudi kushoto kutafuta mstari unaofuata. Kila aliyewahi kusoma mstari ule ule mara mbili bila kukusudia anajua.

Kutoka chuma hadi pikseli

Mtu ninayempenda zaidi katika habari hii yote ni Matthew Carter. Alizaliwa London mwaka 1937, na akiwa kijana alipelekwa Haarlem, Uholanzi, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Enschedé. Huko alijifunza kuchonga herufi kwenye chuma kwa mkono, ufundi wa enzi ya Jenson ambao ulikuwa unakufa. Mwaka 1978 alitengeneza herufi za vitabu vya namba za simu vya kampuni ya AT&T, akaziwekea vipengee kwenye kona, ili wino ukisambaa kwenye karatasi ya bei ya chini ujaze vipengee hivyo badala ya kuziba herufi.

Microsoft walipotaka fonti za skrini, walimwendea mtu huyo huyo. Skrini za wakati huo zilikuwa na pikseli chache, na herufi za vitabu zilionekana kama zimetafunwa. Carter alianza na pikseli zenyewe: alichora kwanza kila herufi kwa vidoti vya ukubwa halisi wa skrini, na umbo laini likafuata baadaye. Verdana na Georgia zilitoka mwaka 1996. Katika Verdana, I kubwa ina vikofia juu na chini isifanane na l ndogo. Unaona hilo halikuhusu? Andika "Ilala" kwa fonti nyingine nyingi zisizo na vikofia, kisha uniambie herufi mbili za kwanza zinatofautianaje.

Desemba mwaka huo huo ilitoka CSS, lugha ya kupangia mitindo ya kurasa, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie wa Norwei mnamo Oktoba 1994 akiwa CERN. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba wazo lake lilimpa msomaji nafasi ya kushauriana na mwandishi: mwandishi apendekeze sura, msomaji naye awe na yake, na kivinjari kipatanishe. Sisi watengenezaji tulichukua upande wa mwandishi na kuusahau ule mwingine.

Msomaji akajitafutia dawa mwenyewe. Mwaka 1997 Jakob Nielsen aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima hawakusoma kurasa za wavuti neno kwa neno, walipitisha macho tu. Hapa kwetu kulikuwa na sababu ya ziada ya haraka: saiba zilitoza kwa dakika. Ukurasa uliopangwa ovyo ulikula shilingi za mtu. Mpaka mikongo ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Ndiyo maana Opera Mini, iliyotolewa duniani kote Januari 2006, ilipokelewa kwa mikono miwili. Ilipitisha ukurasa kwenye seva, ikaubana, ikaupanga upya kwenye safu moja nyembamba, ikaleta maneno kwenye simu ndogo kabisa. Kampuni ilikuwa ya Norwei, na mkuu wake wa teknolojia alikuwa nani? Håkon Wium Lie. Mwaka 2009 wengine wakatoa kijiprogramu cha Readability, kilichofuta mapambo yote ya ukurasa na kuacha maandishi. Juni 2010 Safari ikaweka kitufe cha namna hiyo ndani yake, kwa kutumia msimbo ule ule. Hebu fikiria, kitufe cha kufuta kazi yetu sote, na watu wakakishangilia.

Sasa ukurasa wa Kiswahili

Desemba 2008, W3C walitoa toleo la pili la mwongozo wa kurasa zinazofikika na watu wote, wakiwemo wenye uoni hafifu. Ndani yake, kwenye ngazi ya juu kabisa, kuna mambo ambayo Tinker angeyatambua mara moja: mstari usizidi herufi 80, nafasi kati ya mistari iwe angalau moja na nusu ndani ya aya, maandishi yasinyooshwe pande mbili. Kwa rangi, ngazi ya kati inataka uwiano wa 4.5 kwa 1. Ile kijivu inayopendwa sana, #777777 juu ya nyeupe, inapata 4.48. Imeanguka kwa unywele! Shuka hadi #767676 na umepita. Jaribu kuzisoma zote mbili nje saa saba mchana, kwenye rununu iliyopasuka kioo, ndipo utajua kwa nini hata 4.54 haitoshi.

Mimi nikipanga ukurasa wa Kiswahili kwenye skrini pana sifiki 80. Huishia 65 hivi, kwa sababu mstari wa Kiswahili una maneno machache na marefu, na jicho linahitaji kurudi kushoto bila kupotea. Nafasi kati ya mistari naweka 1.6. Ukingo wa kulia naachia huru, hata mteja akinuna. Naandika lang="sw" juu ya ukurasa, ili kivinjari na programu ya kusomea wasioona zijue ni lugha gani, zisijaribu kutamka "hawatatusaidia" kwa Kiingereza.

Na nakagua ritifaa. Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8 Septemba 1992, lakini bado nakutana na kurasa ambazo zimehifadhiwa kwa usimbaji mmoja na kusomwa kwa mwingine, mnyama wa watu akawa "ngâ€™ombe". Mwenye lugha ataikisia, atacheka, atapita. Mtoto wa darasa la nne kule Wajir, anayejifunza Kiswahili kwa kusoma kwenye rununu ya shangazi yake, atakaa hapo akijaribu kuitamka.